Kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam kwa barabara: mwongozo kwa anayesafiri mara ya kwanza

Mtu wa Lubumbashi anayetaka kufika baharini kwa gari, Dar es Salaam iko karibu naye kuliko Matadi, na njia yake ni ya lami. Ni zaidi kidogo ya kilomita 2,000. Lakini usipange safari hii kwa kuhesabu kilomita. Ipange kwa kuhesabu mipaka. Basi likiwa barabarani hutembea vizuri tu. Kinachokula siku, kinachomaliza pesa na kinachorudisha watu nyumbani wakiwa hawajafika ni Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, na Nakonde–Tunduma, mpaka wa Zambia na Tanzania. Na mambo mengi yanayoharibikia pale yalikuwa yameharibika tangu Lubumbashi, siku mtu alipofunga begi lake bila kukagua karatasi.

Kwanza ujue uko kwenye barabara gani. Mwaka 1971 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika ilianza mpango wa barabara kuu tisa za kuunganisha bara zima. Lubumbashi iko juu ya mojawapo, ile ya kutoka Beira, Msumbiji, hadi Lobito, Angola. Ukitoka mjini kwenda Kasumbalesa, kisha Chingola, Kitwe na Ndola, bado unaifuata hiyo. Ukifika Kapiri Mposhi unakuta barabara nyingine, kubwa zaidi, ya Cairo hadi Cape Town, yenye zaidi ya kilomita 10,000. Wewe utaifuata upande wa kaskazini kupitia Serenje na Mpika hadi Nakonde, uvuke Tunduma, uendelee Mbeya na Iringa. Wazambia wanaiita Great North Road, na kipande cha kutoka Zambia hadi Dar kinajulikana pia kama Tanzam. Ndiyo maana pale Kapiri utaona malori yenye namba za nchi nyingi: shaba na kobalti zetu zinashuka, mafuta, magari na vitambaa vinapanda.

Hatua ya kwanza: karatasi

Anza mwezi mmoja kabla.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kuondoka, na kurasa tupu za kutosha, kwa sababu kwenda na kurudi utagongewa mihuri mingi. Karatasi ya mpakani ambayo watu wa Kasumbalesa hutumia kwenda sokoni upande wa pili haikufikishi Dar. Anayekuambia "twende tu, nitaongea nao" anakuahidi kitu ambacho hakimiliki.

Viza ndiyo inayowasumbua wengi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo sisi na Tanzania tumo nyumba moja. Lakini Zambia, nchi utakayoipita katikati, haimo katika jumuiya hiyo. Zambia tuko nayo katika jumuiya nyingine, COMESA na SADC. Kila mpaka una sheria zake, na sheria hizo hubadilika. Nenda mwenyewe kwenye konsuleti ya Zambia hapa Lubumbashi, kisha kwenye ubalozi mdogo wa Tanzania, uulize pasipoti ya Kongo inahitaji nini kwa sasa. Usitegemee aliyesafiri mwaka jana.

Jambo ambalo wageni wa njia hii hawalifikirii ni kwamba Zambia utaiingia mara mbili: unapokwenda na unaporudi. Ukipewa ruhusa ya kuingia mara moja, itakuwa imekwisha siku utakapofika Nakonde ukitoka Dar na mizigo yako. Omba tangu mwanzo ruhusa inayofunika safari yote.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, kwa sababu tunatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo ukichanjwa leo ili uondoke keshokutwa umechelewa. Ukishachanjwa inatosha kwa maisha yote. Utaratibu wa kurudia kila miaka 10 ulifutwa mwaka 2016. Mtu wa afya mpakani akikuambia kadi yako imezeeka, mjibu kwa upole kwamba siku hizi haina mwisho, na umwonyeshe tarehe. Kadi zinazouzwa bila sindano achana nazo. Ni hatari kwa mwili wako na kwa safari yako.

Kwa anayesafiri na mtoto, hasa mtoto wa ndugu: beba cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya wazazi iliyothibitishwa, na uitafsiri kwa Kiingereza kabla hujatoka. Karatasi zetu ni za Kifaransa, na afisa wa Zambia hawezi kukubali asichokisoma. Anapomuona mtoto na mtu mzima wasiofanana majina, wajibu wake ni kusimamisha safari, na anafanya vyema.

Piga picha kila karatasi kwa simu, kisha fanya nakala mbili. Moja ikae kwenye begi, moja iachwe nyumbani kwa mtu anayepokea simu zako.

Hatua ya pili: pesa

Utatumia sarafu tatu barabarani: faranga hadi Kasumbalesa, kwacha Zambia nzima, shilingi kuanzia Tunduma. Dola ndizo utakazobeba. Chagua noti safi, zisizochanika wala kuandikwa. Ukizitoa Lubumbashi utakuwa umezoea ukali huo, lakini Tanzania wanaongeza jingine: noti za zamani zenye kichwa kidogo hukataliwa au hubadilishwa kwa bei mbaya. Na Tanzania tangu mwaka 2025 bei za bidhaa na huduma zinatakiwa kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo badilisha, usitegemee kulipa kwa dola dukani.

Mpakani utazungukwa na kambisti, wabadilisha fedha wa mitaani, kabla hata hujashuka garini. Badilisha kiasi kidogo tu, cha chakula na nauli hadi mji wa mbele. Hesabu wewe mwenyewe kwa mkono wako, na mtu akizichukua tena "ahesabu vizuri", anza hesabu upya kutoka noti ya kwanza. Ile hesabu ya pili ndiyo wanayoibia. Kiasi kikubwa badilisha benki au kwenye duka la fedha Kitwe, Mbeya au Dar.

Simu inasaidia. Airtel ipo katika nchi zote tatu, Vodacom ipo Kongo na Tanzania, lakini usidhani salio la pesa lililo kwenye laini ya Kongo litatoka kwa wakala wa Tunduma. Uliza kabla. Laini mpya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na usikubali kununua iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Hatua ya tatu: begi

Vitu vya kuacha nyumbani ni muhimu kuliko vya kubeba.

Nguo za mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, acha. Zambia na Tanzania raia haruhusiwi kuzivaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Tumia ya kitambaa. Krimu za kung'arisha ngozi zenye haidrokwinoni au zebaki ni marufuku huko, na akina mama wetu hupoteza katoni nzima Tunduma kwa kuzibeba kama zawadi. Nyama ya porini, hata iliyokaushwa, hata kipande cha chakula cha njiani, usiibebe kabisa. Madini bila karatasi vilevile. Mapambo ya malakiti, lile jiwe la kijani, yaliyonunuliwa kwa wachongaji wetu hayana shida yakiwa machache, ila beba risiti.

Bora ubebe hivi: sweta nzito (tutafika Mafinga, kwenye baridi), maji, sabuni, dawa zako pamoja na karatasi ya daktari, na plagi ya kuchajia yenye miguu mitatu bapa, kwa sababu soketi za Zambia na Tanzania si kama zetu.

Hatua ya nne: chagua gari

Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Lubumbashi hadi Dar. Faida yake ni kwamba konda anajua dirisha la kila ofisi na atasubiri abiria wake. Hasara yake ni hiyohiyo: abiria mmoja mwenye karatasi mbovu anawasimamisha wote.

Njia ya pili ni kwenda kwa vipande: gari dogo hadi Kasumbalesa, kuvuka kwa miguu, gari la Chingola au Kitwe, basi la Nakonde, kuvuka tena, kisha basi la Tunduma hadi Dar. Mimi humshauri mtu wa mara ya kwanza achukue basi la moja kwa moja akienda, kisha akirudi achague mwenyewe kwa kuwa atakuwa ameiona njia. Kwa basi la moja kwa moja panga siku tatu, ukiweka na ya nne akibani. Aliyekuahidi mbili anahesabu kilomita.

Kabla ya kulipa uliza maswali haya: basi linalala wapi? Nani anashughulikia mizigo mpakani, na ada yake imo kwenye tiketi au haimo? Basi likiharibika Zambia, je, kuna jingine? Swali la kulala lina sababu. Mwaka 2016 Zambia ilizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, kwa ajili ya ajali. Tanzania nayo ilikuwa na zuio lake kwa miaka mingi, kisha mwaka 2023 ikaruhusu safari za usiku. Kwa hiyo ratiba ya kampuni nzuri hupangwa kwa kuheshimu sheria hizo, wala haipangwi kwa mbio.

Treni ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar, ni safari nzuri, lakini kwa mwenye shughuli za biashara ratiba yake haitabiriki. Hatuitegemei hapa.

Hatua ya tano: Kasumbalesa

Ondoka Lubumbashi mapema alfajiri. Ni kama kilomita 90, na utapita kituo cha peaji, cha kulipia barabara. Muda mrefu kabla ya mpaka utaona foleni ya malori imesimama kando, madereva wakipika chini ya trela zao. Wengine hukaa pale siku kadhaa. Foleni hiyo si yako, abiria wanapita. Lakini waheshimu wale watu, maana kila kitu kilicho dukani kwako kimepitia mikononi mwao.

Utaratibu upande wetu: meza ya afya kwa ajili ya kadi ya chanjo, halafu DGM, idara ya uhamiaji, kwa muhuri wa kutoka. Kama una bidhaa, kuna DGDA ya forodha na OCC ya ukaguzi. Tafuta madirisha mwenyewe kwa kusoma vibao. Vijana watakaokushika begi na pasipoti wakisema "mama, leta tukusaidie" waambie asante, na usiachie pasipoti. Pasipoti yako inatoka mkononi mwako kwenda mkononi mwa afisa mwenye sare aliye dirishani, basi. Ukiombwa malipo, omba risiti. Uliza kwa sauti ya heshima, bila kugombana, na subiri. Malipo halali yana karatasi.

Ukivuka, Zambia inakupokea kwenye jengo lingine. Hapa lugha ya ofisi ni Kiingereza, lakini mtu wa Lubumbashi hajapotea: Kibemba unachokisikia katika mitaa yetu ya Katuba na Kenia ndicho kinachozungumzwa kuanzia Chililabombwe hadi Chinsali. "Mwapoleni mukwai" inafungua uso wa afisa kuliko Kiingereza kibovu. Sema unapita kwenda Tanzania, onyesha tiketi, na akishagonga muhuri soma idadi ya siku alizoandika kabla hujaondoka dirishani. Amekuandikia chache? Mwambie palepale. Ukishapanda basi hakuna wa kukurekebishia.

Kuna mipaka mingine. Mokambo inakupeleka Mufulira, Sakania inakupeleka karibu na Ndola, na madereva huzitumia Kasumbalesa ikijaa. Upande wa Kasomeno kuna mradi wa barabara na daraja juu ya Luapula, unaokusudiwa kufupisha njia ya Dar. Lakini kwa abiria wa mara ya kwanza, Kasumbalesa ndiyo yenye magari na ofisi zote. Sikiliza tu redio siku chache kabla. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kadhaa kwa sababu ya mvutano juu ya vinywaji, na watu waliokuwa njiani wakakwama.

Hatua ya sita: Zambia nzima

Chingola, Kitwe, Ndola: migodi na miji, barabara yenye magari mengi. Kapiri Mposhi basi linageuka kaskazini, na kutoka hapo ni kama kilomita 800 za msitu, vijiji na malori. Serenje hadi Mpika ndiko kunakolalamikiwa kwa mashimo. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, basi hupunguza mwendo huko, na ni afadhali lipunguze. Dereva akianza kuyapita malori kwenye mlima au kona, abiria wanayo haki ya kusema, na mkisema wengi atasikia. Polisi Zambia ni 999.

Kula Mpika kama muda unaruhusu. Bukari yetu, yaani ugali, wao wanaiita nshima, samaki wapo. Choo tumia kila basi linaposimama, hata kama huhisi haja.

Hatua ya saba: Nakonde na Tunduma

Huu ni mji mmoja wenye majina mawili, mpaka ukipita katikati ya soko. Unaweza kujikuta umevuka bila kujua, na hilo ndilo kosa kubwa la hapa: mtu anafuata bodaboda, anaingia Tunduma kwa njia ya mtaani, kisha pasipoti haina muhuri wa kutoka Zambia wala wa kuingia Tanzania. Atakamatwa Mbeya, au siku ya kurudi. Usikubali kuvushwa na bodaboda kwa njia za sokoni. Nenda jengo la mpaka.

Kituo ni cha pamoja: nchi zote mbili zinafanya kazi chini ya paa moja. Ukielekea Tanzania, unamaliza ya Zambia na ya Tanzania katika jengo la upande wa Tunduma. Ukirudi, ni jengo la Nakonde. Hakikisha una mihuri miwili kabla ya kutoka nje.

Sogeza saa mbele. Lubumbashi na Zambia zinatumia saa ileile, Tanzania imetangulia kwa saa nzima. Basi la Tunduma linaloondoka 06:00, ambayo ni saa kumi na mbili alfajiri kwa Watanzania, kwa simu yako yenye saa ya Kongo ni 05:00. Watu huachwa na basi kwa hili.

Na sasa uko nchi ya Kiswahili. Kiswahili chetu wanakisikia, ila punguza Kifaransa unachochanganya, na kwa mtu aliyekuzidi umri anza na "shikamoo". Kwetu tunasema "jambo" kwa wote; Tunduma, kijana asiyemwamkia mzee shikamoo anaonekana hana adabu, na mama wa hoteli atakuhudumia mwisho.

Hatua ya nane: Tunduma hadi Dar

Kilomita 900 na zaidi, na ndiyo sehemu nzuri ya njia. Mbeya, Makambako, Mafinga: huku ni juu, na Juni na Julai baridi inauma hasa. Vaa ile sweta. Baada ya Iringa basi linashuka Kitonga, mlima wenye kona kali na malori yanayoteremka kwa gia nzito, ukingoni bonde. Chini yake ni joto na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Kisha barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50, ambako tembo na twiga huonekana dirishani. Hairuhusiwi kuwatupia wanyama chakula, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Ukikaa upande wa dirisha usilale hapo.

Utashangaa basi linavyojikokota kwenye kila kijiji. Vibao vya kilomita 50 kwa saa vinasimamiwa na polisi wenye kamera, na madereva wanaviogopa. Morogoro, Chalinze, Kibaha, halafu Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Hapo si mjini. Kufika soko la Kariakoo bado kuna daladala au mwendokasi, na ukifika usiku ni heri ulale jirani na kituo kuliko kuzunguka na begi.

Anayeendesha gari lake

Kongo tunapita kulia. Zambia na Tanzania wanapita kushoto. Mabadiliko yanatokea pale pale mpakani, na hatari kubwa haiko mpakani bali asubuhi ya siku ya pili, unapotoka hotelini barabara ikiwa tupu na mikono inarudia mazoea. Mweke mtu pembeni akukumbushe.

Bima ya Kongo haivuki. Omba kampuni yako ya bima ikupe kadi ya njano ya COMESA, inayokubalika Zambia na hata Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA. Usiichanganye na kadi ya njano ya chanjo: unazihitaji zote mbili. Ongeza kibali cha kuingiza gari kwa muda, utakachopewa mpakani na lazima ukirudishe wakati wa kutoka, pembetatu mbili za tahadhari, na kama gari si la jina lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mthibitishaji.

Mzigo wa kurudi

Wengi wa safari hii wanakwenda Kariakoo, kwa hiyo hili lina uzito kuliko utalii wowote. Bidhaa za Dar zinazokuja Lubumbashi zinapita Zambia bila kuuzwa huko, na zinatakiwa ziwe na karatasi za mzigo wa kupita. Ukizitia kwenye buti la basi kama nguo zako, Nakonde watazihesabu kuwa zinaingia Zambia, na utalipa ushuru wa nchi usiyofanya biashara nayo. Begi moja la zawadi ni sawa. Marobota ni biashara.

Mwenye marobota machache ajiunge na wenzake kuchangia gari kupitia wakala wa mizigo anayejulikana na wafanyabiashara wa soko lako, aliye na ofisi Dar na Lubumbashi, zote mbili. Omba risiti yenye orodha ya vitu, uzito na alama uliyoiandika kwenye kila robota. Mzigo mkubwa unahitaji FERI, karatasi ya taarifa za mzigo inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo ya usafirishaji wa mizigo, kabla haujafika Kongo, na Kasumbalesa utapita DGDA na OCC kupitia deklara, wakala wa forodha. Chagua deklara huyo ukiwa bado Lubumbashi, mkubaliane bei kwa maandishi, na umtumie picha za ankara zako za Kariakoo siku unaponunua, ili karatasi zianze kuandaliwa mzigo ukiwa bado barabarani.

Na ukipita Zambia wakati wa kurudi, usikubali kumbebea mtu magunia ya unga wa mahindi kuvuka Kasumbalesa. Zambia mara nyingi huzuia unga wake usitoke, na yule aliyekuomba hatakuwepo wakati gunia litakapofunguliwa.